Tatu Tu, Usizidishe

"Tatu tu, dada. Usizidishe."

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia muuza dawa wa ng'ambo ya barabara, na mpaka leo nikiyakumbuka natamani kumrudishia palepale alipoyatoa. Tatu nini? Angesema "matatu" ningejua ni matone. Angesema "vitatu" ningejua anazungumzia vijiko. Yeye akasema tatu, na tatu ni ya siku, ni ya saa, ni ya mara, ni ya chupa, kila mteja achukue anayoitaka. Mimi nikachukua mara. Mara tatu kwa siku: asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, mchana kabla ya matangazo ya saa saba, na jioni kabla ya yale ya mwisho. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane, maandishi yake madogo kama sisimizi. Nikaitupa kwenye pipa la ofisini bila kuifungua. Mimi, ninayelipwa kwa kusoma.

Maana kazi yangu ni hiyo. Nina miaka kumi na tisa nasoma matangazo kwenye redio ndogo ya mji wetu. Vyeti vilivyopotea, mikutano ya wazazi shuleni, maji kukatika, ng'ombe waliovunja zizi, na vifo. Watu wananiita Dada Matangazo. Nikiuliza bei sokoni, mtu hugeuka kabla hajaniona, akaniuliza leo amekufa nani. Sura yangu wengi hawaijui. Sauti wanaijua.

Mafua yenyewe yalikuwa ya kawaida, yale ya mvua. Nilipopuliza ile dawa puani mara ya kwanza nilikaribia kurudi kumkumbatia muuza dawa. Dakika chache tu, pua ikafunguka, hewa ikapita mpaka utosini, na siku hiyo nikasoma kwa sauti ambayo hata mimi niliipenda. Baada ya wiki mafua yakaisha. Kamasi zikakauka, kichwa kikapoa. Lakini pua ikaendelea kuziba, na hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuzunguka.

Mtu asiye na mafua anazibwa pua na nini? Sipigi chafya, sina homa, nimelala mzima nimeamka mzima, ila ikifika saa nne asubuhi matundu yote mawili yanajifunga kama ofisi za serikali siku ya sikukuu. Napuliza, yanafunguka. Baadaye yanafunga tena, na leo yanafunga mapema kuliko jana. Mara tatu zikawa nne, nne zikawa sita. Chupa ikiisha nanunua nyingine, na sikurudi kwa muuza dawa yuleyule kwa sababu sikutaka aniangalie vibaya. Moja nilinunua karibu na nyumbani, moja karibu na soko, moja nilimtuma mume wangu, naye akaleta mbili, moja ya akiba. Maskini, alidhani ananipenda.

Nikaanza kumtafuta mchawi. Wa kwanza alikuwa paka wa wifi yangu. Wifi ni mdogo wake mume wangu, tunaishi naye, na paka wake analala kwenye kochi langu kama ndiye aliyelinunua. Nikasema ni manyoya. Nikaagiza paka atoke sebuleni, kisha atoke jikoni, mwisho akawa anakaa uani akinitazama kupitia dirishani.

"Wifi, huyu paka ana miaka minne humu ndani," wifi akaniambia. "Pua yako ilikuwa wapi miaka yote hiyo?"

"Ilikuwa inavumilia."

"Basi si iendelee."

Hatukusemeshana karibu wiki nzima. Paka yuko nje, na pua imeziba vilevile. Nikahamia kwenye zulia la studio, nikasema limejaa vumbi. Fundi mitambo wetu, mtu mpole ambaye hajawahi kunikatalia kitu, akalikunja akalitoa. Studio ikaanza kutoa mwangwi kama bafu, wasikilizaji wakapiga simu kuuliza kama tumehama, akalirudisha. Nikabadilisha mto. Nikamkataza mume wangu mafuta yake ya nywele. Nikalala dirisha wazi, nikalala dirisha limefungwa. Nilikuwa kama mtu anayetafuta funguo huku amezishika.

Na mnajua pua iliyoziba inavyomfanya mtu anayezungumza lugha hii. M inageuka B, N inageuka D. Mimi nikisema "mimi", inatoka "bibi". Nikiuliza "nani", inatoka "dadi". Fundi mitambo alikuwa akinitania, "Dada, leo umetangaza bkutado wa wazazi." Tulicheka. Nikapuliza, tukaendelea.

Alhamisi moja, wiki ya saba ya ile dawa, akaja ofisini mwanaume mmoja wa makamo ameshika karatasi. Nilimtambua. Ni mtoto wa kwanza wa wale wenye duka la vitasa na makufuli nyuma ya posta. Baba yake huchonga funguo, mama yake ndiye aliyekuwa anauza mbele. Mji mzima unawaita Baba Vitasa na Mama Vitasa, na majina yao halisi sidhani kama kuna jirani anayeyajua. Mama Vitasa alikuwa amefariki alfajiri hiyo hospitalini.

"Dada, naomba ulisome tangazo hili saa saba," akaniambia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mdogo wetu wa kike ni mpishi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, mbali huko. Simu hazishiki. Redio yenu inashika, na saa saba wanakula, huwa wamewasha. Hatuna njia nyingine ya kumpata kabla ya mazishi."

"Atasikia," nikamwambia. "Mimi mwenyewe ndiye nitakayesoma."

Nililisema kwa majivuno, siwezi kukataa. Tangazo lilikuwa fupi na limeandikwa vizuri: "Familia ya Vitasa inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, Mama Vitasa, aliyefariki alfajiri ya leo baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mazishi ni kesho, Ijumaa, saa tisa alasiri. Binti yake aliyeko kambi ya barabara anaombwa afike nyumbani haraka."

Saa saba kasoro dakika tano nikatia mkono kwenye mkoba. Chupa haimo. Nikaumwaga mkoba wote mezani: kitana, risiti, kalamu mbili, kitambaa. Asubuhi nilikuwa nimebadilisha mkoba, na chupa ilibaki nyumbani kwenye ule wa zamani. Pua ilikuwa imeziba kabisa, matundu yote mawili. Nikapenga, ikatoka kelele tu. Fundi mitambo akainua vidole vitatu, viwili, kimoja, taa nyekundu ikawaka.

Nikasoma. Naapa kichwani mwangu nilisikia Mama. Midomo yangu ilikutana na kuachana inavyotakiwa. Nilijikaza, nikapunguza mwendo, nikalitamka lile jina taratibu ili binti wa watu alisikie vizuri huko alipo. Taa ikazimika, nikashusha pumzi kwa mdomo, nikaona nimemaliza salama.

Simu ya kwanza ililia kabla sijanyanyuka.

"Jamani, Baba Vitasa si nimemwona sasa hivi nje ya duka lake?" sauti ya mwanamke ikauliza. "Amekufa saa ngapi?"

"Hakuna aliyesema Baba!" nikamfokea. "Nimesema Mama!" Au ndivyo nilivyodhani nimesema.

"Ndiyo, dada. Umesema Baba."

"Sijasema Baba, nimesema Mama!"

"Sasa dada, si ndiyo hivyo hivyo?"

Nikakata simu. Ikalia tena, na tena. Fundi mitambo akanitazama kwa huruma, akarudisha rekodi nyuma, akaniwekea spika za masikioni mwenyewe kama mtu anayemvisha mtoto kofia. Nikajisikia. Sauti ni yangu, mwendo ni wangu, na neno si langu. Baba Vitasa. Wazi kabisa, tena taratibu, tena kwa heshima.

Nilipitia ile karatasi neno kwa neno nikitafuta kitu cha kuniokoa. "Mpendwa wao." "Aliyefariki." "Binti yake." Hakuna hata neno moja linalosema marehemu ni mwanamke au mwanaume. Tangazo zima lilikuwa limening'inia kwenye M mbili, na mimi sikuwa nazo.

Nikavuka barabara mbio. Muuza dawa alikuwa anapanga sabuni kwenye rafu.

"Nipe ile ya kuzibua pua," nikamwambia. Hapa naandika maneno yalivyotakiwa kuwa, yalivyotoka tuyaache.

Akageuka polepole. "Wewe si uliichukua wakati wa mvua?"

"Ndiyo."

"Bado unaitumia?"

"Si ulisema tatu? Natumia tatu. Siku nyingine sita."

"Siku tatu, dada! Siku!"

"Hukusema siku."

"Kila mtu anajua ni siku."

"Mimi ndiye kila mtu, na sikujua."

Akaweka sabuni chini. Kusema kweli hakunicheka, na ningemtukana kama angecheka. Akanieleza kwamba ile dawa inabana mishipa ya ndani ya pua, uvimbe unashuka, hewa inapita. Kwa siku chache haina neno. Ukizidisha, kila nguvu yake inapokwisha uvimbe unarudi mkubwa zaidi, unapuliza tena, unarudi tena.

"Mafua yako yalikwisha zamani," akasema. "Hii hapa ndiyo inayokuziba sasa."

"Inanizibua."

"Inakuzibua, halafu inakuziba."

Nikamtolea macho. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba ngazi anayopanda kila siku inashuka. Wiki saba nimeibeba kwenye mkoba, nimeificha ili mume wangu asihesabu chupa, nimeifukuzia paka.

"Kwa hiyo paka..." nikaanza.

"Paka gani?"

"Basi, achana naye."

Nikamwambia nina tangazo la kusahihisha saa kumi, kufa na kupona. Akafikiri, akanipa chupa moja ya dawa na nyingine ya maji ya chumvi. Kuanzia leo, akasema, dawa iingie tundu la kulia peke yake, mara chache iwezekanavyo. La kushoto nilikoshe kwa maji ya chumvi, niliache lizibe mpaka litakapochoka kuziba. Likishapona niache kupuliza na la kulia. Wiki moja, labda mbili, na nisipoona nafuu niende kwa daktari. Safari hii nilimwambia aniandikie kila kitu kwa kalamu, na neno "siku" aliandike kila palipo na namba.

Saa kumi nikasoma sahihisho kwa tundu moja. Mama Vitasa. Fundi mitambo akaninyooshea dole gumba kupitia kioo. Nikarudi nyumbani nikijipa moyo kwamba kambini nako wamesikia, kwamba yule binti ameshangaa kidogo, akalia, akafunga safari. Hata hivyo sikula vizuri.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa ofisini naandika matangazo ya siku. Pua ilikuwa imeziba pande zote mbili, kwa makusudi. Nilikuwa nimejizuia mpaka saa saba ikaribie. Mlango ukafunguliwa bila kugongwa. Akaingia mwanamke kama wa miaka thelathini, amevaa sweta juu ya aproni, vumbi jeupe limemjaa mpaka kwenye kope.

"Ni wewe uliyesoma jana saa saba?"

"Ni mimi."

Ikatoka ilivyotoka. Akakunja uso, akadhani namfanyia mzaha.

"Mimi ndiye binti wa Vitasa," akasema. "Nilikuwa napakua chakula cha watu arobaini. Nikasikia Baba Vitasa. Mwiko ukaniponyoka. Saa saba na nusu nilikuwa ndani ya lori la kokoto, redio yake mbovu, tumesafiri mpaka asubuhi. Unajua nilikuwa nasema nini njia nzima? Nilikuwa nasema afadhali mama yupo. Nikifika nitamshika mama, tutalia wawili. Afadhali mama yupo."

Nikamsogezea kiti. Hakukikalia.

"Nimefika saa mbili. Nimesukuma mlango, nimeita, 'Mama, nimekuja!' Akatoka baba." Akashika ukingo wa meza yangu. "Akatoka baba, mzima, amesimama, na mimi nikamwuliza mama yuko wapi. Sikumwamkia. Sikumwambia nashukuru uko hai. Nilimwuliza kana kwamba yeye ni mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake. Uso ukanishuka, dada, nilihisi ukishuka, na yeye akauona. Kaka yangu ananiambia mlisahihisha. Hilo nalo utalisahihishaje?"

Ninaposema akili yangu ilizunguka, ndipo hapo hasa, kuliko siku zote za paka na zulia. Chupa ilikuwa kwenye mkoba, karibu na goti langu. Mpulizo mmoja, dakika chache, na ningeweza kuomba radhi kwa sauti ya mtu mzima. Lakini kujipuliza dawa puani mbele ya mtu aliyefiwa, kisha kumwambia asubiri pua izibuke, hata mimi nina aibu. Nikasema ilivyo.

"Sabahadi," nikasema. "Sabahadi sada."

Akanitazama mdomoni. Kitu kikabadilika machoni pake.

"Hebu sema mama."

Nikatikisa kichwa.

"Nimesema sema. Nataka kusikia."

Nikavuta pumzi kwa mdomo, nikakusanya nguvu zangu zote, nikabana midomo.

"Baba," nikasema.

Binti akapiga kicheko. Kilimtoka kwa ghafla, akajiziba kwa kiganja, kikapenya kwenye vidole, halafu hakikuwa kicheko tena. Aliinama juu ya karatasi zangu akalia, na machozi yake yakachora mistari kwenye vumbi. Nikaja upande wake wa meza nikamshika mabega. Hakunisukuma. Mimi nami nikaanza kulia, na pua ikaziba zaidi kama vile kulikuwa na nafasi ya kuziba zaidi.

Ndipo nikamwona mzee. Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti la msibani, shada la funguo limening'inia kiunoni pake kwa mazoea. Alikuwa amemfuata binti yake ili asije akagombana na watu. Kwa jinsi alivyouegemea mlango, alikuwa hapo kwa muda.

"Shikamoo, mzee," nikasema, na hata hiyo ikatoka nusu.

"Marahaba." Hakunitazama mimi. "Mwanangu."

Binti akainuka haraka, akajifuta kwa sweta. "Baba, twende. Nimemaliza."

"Nikuulize kitu kwanza." Mzee akakohoa. "Jana uliposikia ni mimi. Ulilia?"

"Baba, maswali gani hayo sasa?"

"Nauliza tu. Ulilia?"

Nikatamani sakafu ipasuke niingie. Binti alimtazama baba yake, na safari hii uso wake haukushuka.

"Nililia mpaka dereva akasimamisha lori," akasema. "Alisema hawezi kuendesha na kelele zile. Tulikaa pembeni ya barabara nusu saa. Nilikuwa nasema umeondoka hata sijakuaga, nasema nilikuahidi nitakuja mwezi uliopita sikuja. Muulize dereva. Yuko nje hapo, amekataa kuondoka mpaka tukazike."

"Nusu saa," mzee akarudia, kama anayepima kitu kabla ya kukichonga.

"Nusu saa, baba. Labda na zaidi."

Mzee akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akamsogelea, akampangusa vumbi begani, upande mmoja, kisha upande wa pili, akichukua muda wake.

"Basi nishike mkono," akasema. "Tangu jana sizioni ngazi vizuri. Twende tukamzike mama yako."

Binti akamshika mkono, wakateremka ngazi moja moja, na mimi nikabaki juu nimeshika mlango, sijui kama nimewaharibia au nimewapa kitu, nalia kwa sauti ambayo hata mume wangu asingeitambua.